Nenosiri la Msimu wa Salfa

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mikorosho imeanza kutoa maua na ofisi yetu imeanza kutoa ujinga. Hivyo ndivyo msimu wa salfa unavyofunguliwa hapa Nachingwea.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Mama yangu kule Mnero anaamini natengeneza simu. Kazi yangu ni kutunza seva, kompyuta moja nyeusi iliyokaa chumba cha nyuma, na ndani yake mna madaftari ya msimbo. Si ya karatasi. Unafungua ukurasa kwenye kompyuta yako, unaandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, unauendesha hapo hapo, na jibu linatokea chini yake. Daftari moja ndilo linalotulisha sote. Linasoma unyevu na joto kutoka kwenye vipimo vilivyofungwa Mbekenyera na Nambilanje, linakadiria hatari ya ubwiri unga, ugonjwa unaounguza maua ya korosho, na kila jioni linawatumia wakulima ujumbe kwenye simu: pulizeni salfa kuuzuia, au subirini.

Anayeingia lazima seva imtambue. Ikiwashwa inatoa tokeni, mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu, na ndiyo inayofungua mlango. Ikizimika, tokeni ile inakufa, inazaliwa nyingine. Umeme wa Nachingwea ukikatika mara mbili, nazalisha mara mbili, na wote wananipigia simu mara mbili.

Leo mratibu wa mradi, Mudrik, ameingiza tokeni ya LUKU. Zile tarakimu za umeme, kazichapa zote kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayetia saini mkataba wa nchi.

"Mbona inakataa," akaniuliza, "na nimeinunua leo asubuhi?"

Mtu huyu ana shahada mbili.

Jumatano, 5 Juni

Umeme umekatika. Tokeni mpya. Simu.

Jumanne, 11 Juni

Sasa Sikudhani. Yeye yuko ofisi ya Ruangwa, na ndiye aliyeandika daftari la ubwiri unga. Tulisoma chuo kimoja. Kichwa anacho, sikatai, ila ndani ya kichwa hicho kuna redio iliyowashwa ambayo mwenyewe hajui pa kuizimia. Anaongea akila, anaongea akiandika msimbo, anaongea na kompyuta ikichelewa kumjibu.

Leo nimegundua kwamba kila ninapompa tokeni, anaisambaza. Kampa Eusebio, bwana shamba wa Mbekenyera. Kampa mlinzi wa ofisi, aone mvua. Nikampigia, nikamwuliza kama anajua maana ya siri.

"Dada Zulfa, si wenzetu hao?"

Kwa Sikudhani dunia nzima ni wenzetu. Nimeamua kuachana na tokeni na kuweka nenosiri moja la kudumu. Seva hailihifadhi neno lenyewe. Inalisaga kwanza, na unga hauwezi kurudi kuwa mahindi, kwa hiyo hata mwizi akiiba faili hapati kitu. Nilijaribu kumweleza Mratibu jambo hili. Akaitikia kwa kichwa huku akitafuta chaja.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Mnero. Nyama, wageni, na swali la nitaolewa lini. Walau hapa hakuna aliyeniuliza nenosiri.

Jumanne, 25 Juni

Mratibu ameliweka nenosiri kwenye kundi la WhatsApp. Kundi lenyewe lina wakulima, wauza pembejeo, diwani mmoja na mtu anayeuza vitenge. Ameandika: "Ndugu wapendwa, kwa watakaohitaji kuingia kwenye mfumo wetu," kisha nenosiri, kisha mikono miwili ya kuomba dua.

Nililibadilisha kabla chai yake haijapoa. Akanuna. Akasema namfanya aonekane muongo mbele ya watu. Nikampa jipya mdomoni, sikuliandika popote. Saa hiyo hiyo akachukua kalamu ya rangi akaliandika kwenye karatasi kubwa, akaibandika ukutani chini ya maneno "KARIBU, MTEJA NI MFALME".

Nikabadilisha tena. Karatasi bado iko pale. Nimeiacha iwe pambo.

Alhamisi, 4 Julai

Ukungu wa kwanza mzito. Jana jioni daftari lilisema hatari ni kubwa, ujumbe ukaenda, na leo alfajiri Eusebio anasema Mbekenyera nzima ilikuwa inanguruma kwa mashine za kupulizia, vumbi la njano limetanda juu ya mikorosho. Sikudhani alinipigia akicheka kama aliyejifungua salama. Hata mimi nilifurahi, mpaka Mratibu alipokuja kupokea pongezi.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba. Umeme umekatika.

Jumatatu, 15 Julai

Ameletwa mtaalamu kutoka Dar. Anaitwa Seleman. Ana viatu vyeupe, katika mji huu wenye vumbi jekundu, na hilo peke yake linatosha kukuonyesha anavyofikiri. Kazi aliyotumwa ni "kurahisisha". Mratibu amelalamika makao makuu kwamba wageni wakija anaaibika kuulizwa nenosiri na mashine ya ofisi yake mwenyewe.

Nilikuwa nimejiandaa. Niliwaeleza kwamba nenosiri moja la watu wote ni kasoro, lakini dawa yake ni kuongeza, si kupunguza. Kila mtu awe na jina lake na nenosiri lake, ili daftari likibadilishwa tujue nani kabadilisha. Seleman alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto akisoma ubao wa duka.

"Nachingwea hapa nani atakudukua, dada? Mbuzi?"

Mratibu alicheka mpaka akashika meza.

Kisha Seleman akakaa kwenye kiti changu, akafungua faili la mipangilio, akaacha tupu pa tokeni, akaacha tupu pa nenosiri. Basi. Sasa yeyote aliye kwenye mtandao wetu anafungua ukurasa na yumo ndani, haulizwi yeye nani. Na mtandao wetu unafika mpaka kwenye mgahawa wa jirani, wanapokula chapati na kuangalia mpira kwa intaneti yetu.

Nikatoka nje. Mlango si wangu tena. Wameung'oa wenyewe, waulinde wenyewe.

Jumanne, 23 Julai

Wiki nzima hakuna simu hata moja. Sikudhani kaniandikia: "Raha sana sasa hivi, dada, hakuna usumbufu."

Jumanne, 6 Agosti

Wageni wa Nanenane wamepita wakielekea Lindi. Wanaume wenye vitambulisho shingoni, mama mmoja mwenye kamera. Mratibu alivaa koti, jasho likimtoka, na aliamua kuwaonyesha "mfumo" kwa mkono wake. Akaacha kurasa za maonyesho nilizomtengenezea, akalifungua daftari lenyewe, lile la Sikudhani, lile linalotuma ujumbe.

"Hapa ndipo tunapoiambia mashine iogope lini," akawaambia. Akaweka kidole kwenye themanini, kile kiwango cha unyevu ambacho kikivukwa tunawaambia watu wapulize. Akafuta, akaandika tisini na nane, akaendesha. Mchoro wote ukawa wa kijani kuanzia Ruangwa hadi huku. Wageni wakapiga makofi. Kijani kinapendeza, hata pale kinapomaanisha kwamba mashine imeacha kuogopa.

Mama mwenye kamera akauliza chai iko wapi. Wote wakatoka. Ukurasa ukabaki wazi, na kurasa hizi hujihifadhi zenyewe.

Nilikuwa nimeegemea ukuta nyuma yao. Hakuna aliyeniuliza chochote siku nzima. Atairudisha mwenyewe, si ndiye mratibu. Nimechukua likizo yangu ya siku chache, kesho naenda Mnero.

Jumatatu, 12 Agosti

Mnero. Ukungu kila siku, asubuhi choo hakionekani kutoka mlangoni. Mama kaniambia nimekonda kwa kununa.

Jumatano, 14 Agosti

Nimerudi ofisini leo. Sijavua hata viatu, Eusebio akapiga kutoka Mbekenyera. Si mtu wa kupandisha sauti, na leo pia hakuipandisha, ndiyo maana nikakaa chini. Alisema maua ni meupe kama yamemwagiwa unga, na yale ya mwanzo tayari yameungua, yamekuwa meusi. Wakulima wana salfa ndani, mifuko haijafunguliwa. Kila jioni tangu kabla ya Nanenane simu zao zimewaambia wasubiri, hatari ni ndogo. Wenzao wa vijiji ambavyo havimo kwenye mradi wetu wamepuliza kwa akili zao tu, na mikorosho yao iko salama.

Nilifungua daftari. Tisini na nane.

Nikairudisha themanini, nikatuma ujumbe mchana ule ule: pulizeni, msisubiri. Kwa maua yaliyoungua ni sawa na kumpa maiti dawa.

Kisha nikaenda kwa Mratibu. Alikuwa ameshapata habari, na swali lake la kwanza lilikuwa nani aliandika daftari hili. Jina liko mstari wa kwanza, juu kabisa: Sikudhani. Nitaandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma. Alipolitaja jina hilo, kitu ndani yangu kilifurahi. Kidogo, muda mfupi, kama mtu anayeona jirani mwenye makelele anaitiwa polisi. Halafu nikaona anachokiandika. Ilikuwa ni barua pepe kwa makao makuu, na maneno "uzembe wa mchambuzi wetu wa Ruangwa" yalikuwa tayari yamo.

"Mratibu," nikamwambia, "uliyebadilisha ni wewe. Siku ya wageni. Uliandika tisini na nane."

Akageuza kiti chake polepole.

"Una ushahidi?"

Sina. Seva inajua tu kwamba mtu aliingia. Hakuna jina, kwa sababu hakuna aliyeulizwa jina. Tangu siku ya viatu vyeupe sote tumekuwa mtu mmoja pale ndani, mimi, yeye, Sikudhani, na walaji wa chapati wa jirani. Wageni wameshatawanyika, kila mmoja kwao. Mratibu aliniangalia akaona hayo yote yanapita usoni kwangu, akabonyeza kutuma.

Nimewadharau watu wengi katika ofisi hii kwa ujinga. Leo ndiyo mara ya kwanza namdharau mtu kwa werevu.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimepanda Noah hadi Ruangwa. Sikudhani nilimkuta nyumbani, amekaa kwenye mkeka uani anachambua mchele, na redio ya kichwani ilikuwa imezimwa. Ameambiwa asiguse kazi mpaka uchunguzi uishe. Wakulima wa Mbekenyera wamempigia tangu jana, wengine kwa matusi. Namba yake wanayo wote, maana yeye ndiye aliyewaandikisha, kijiji kwa kijiji.

Nilimsimulia yote. Nilitarajia alie, aniite dada, anishukuru kwa kuja. Aliendelea kuchambua mchele.

"Ulikuwepo," akasema.

"Nilikuwepo."

"Ukaona anabadilisha."

"Niliona."

"Na unajua kuwa ukurasa unajihifadhi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mratibu ni mjinga, dada Zulfa. Alibonyeza kitu asichokijua. Wewe ulikijua. Ulitaka aaibike tu, na aibu yenyewe ukaipika kwa kuni za mikorosho ya watu."

Nilikuwa na majibu. Kwamba walining'olea mlango, kwamba nilionya mapema, kwamba sikuajiriwa kumfuata mratibu nyuma nikifuta alichoandika. Njiani nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nikainama nikachambua mchele naye. Akaninunulia soda kwa jirani, kwa sababu ndivyo alivyo, hata akikuchukia hakuachi na kiu. Nilikunywa.

Jumamosi, 17 Agosti

Mkutano wa Mbekenyera, kwenye ghala la chama. Watu walijaa mpaka nje. Mratibu alizungumza muda mrefu sana kuhusu "changamoto za kimfumo" na "mabadiliko ya tabianchi". Kila sentensi ilikuwa imevaa koti. Sikudhani alikaa mbele peke yake, ushungi mwekundu, benchi zima tupu pembeni yake kama ana upele.

Mwanamke mmoja akasimama, Mwantumu, mtu mzima, mikono mirefu. Alikuwa na shada la maua ya korosho yaliyokauka. Akaliweka juu ya meza mbele ya Mratibu, taratibu, kama unavyomwekea mgeni chakula. Akasema mume wake alitaka kupuliza. Yeye ndiye aliyemzuia, kwa sababu simu ilisema subiri, naye alimwambia mume wake kwamba hawa vijana wamesoma. Sasa alitaka kitu kimoja tu.

"Nani?" akauliza.

Mratibu hakutaja jina. Alifanya kitu kibaya zaidi. Alimtazama Sikudhani, akainamisha kichwa kwa huzuni, kama baba anayemfichia mwanawe aibu. Ghala zima likamgeukia yule dada.

Nikasimama. Sijawahi kuzungumza mbele ya watu wengi hivyo, na sauti yangu ilikuwa nyembamba, naichukia.

"Ni mratibu aliyebadilisha, mbele ya wageni, bila kujua anachofanya. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilijua, na nilinyamaza. Sikudhani hakuwepo."

Mratibu alianza kusema kwamba mfanyakazi huyu ana matatizo ya nidhamu. Eusebio, ambaye siku zote hizi nilimwona kama mtu wa kubeba tu bendera za mradi, akasema kwa utulivu kwamba yeye alikuwa mmoja wa waliowaleta wageni siku ile. Wageni wakitoka kwenda chai, alimwona Mratibu akiinuka kwenye kompyuta na mchoro wa kijani kwenye kioo, ila maana yake hakuijua. Ikatosha. Watu hawakuhitaji seva iwape jina.

Mwantumu aliniambia neno moja kwa Kimwera. Mratibu hakulielewa. Mimi ni Mmwera. Sitaliandika hapa.

Alhamisi, 22 Agosti

Majibu ya makao makuu. Sikudhani amerudishwa kazini bila neno la pole. Mimi nimepewa onyo, nalistahili, ingawa wamenipa kwa kosa ambalo si langu: "kuzungumza na wanufaika bila idhini". Mudrik amehamishiwa Dodoma, ofisi kubwa zaidi, cheo kirefu zaidi. Ameondoka na koti lake na ile karatasi ya mteja ni mfalme, ameibandua kwa uangalifu bila kuichana. Wajinga wa nchi hii hawaanguki. Wanapandishwa, ili waangukie watu wengi zaidi.

Jumatatu, 2 Septemba

Nimemaliza. Sasa seva inamwuliza kila mtu jina lake na nenosiri lake, na kila badiliko lina mwenyewe. Daftari la ujumbe linabadilishwa na mtu mmoja na kuthibitishwa na wa pili. Wengine wanasoma tu. Nilidhani funguo kuu zitakaa kwangu. Sikudhani akakataa.

"Sitaki mlango wenye bawabu mmoja," akasema, "halafu bawabu mwenyewe ni wewe."

Tumegawana. Tunazungumza kazi tu. Anaongea kidogo siku hizi, na tukipigiana simu asubuhi chumba changu huonekana kikubwa mno. Sikujua kwamba ningeikosa ile redio.

Seleman ameandika kutoka Dar kutupongeza kwa "kutekeleza mapendekezo ya awali ya mtaalamu". Nimeisoma mara mbili kwa raha ya kudharau, na ya pili haikuwa na raha.

Jumanne, 10 Septemba

Maua yaliyobaki yameanza kushika korosho. Mbekenyera ni machache. Mti mmoja una, mitatu haina.

Mwantumu amekuja hapa ofisini, peke yake, kwa bodaboda mpaka Ruangwa na gari mpaka hapa. Hakutaka kiti. Alitaka namba yake ifutwe kwenye mashine, na alitaka aone ikifutwa. Nikamwambia mambo yamebadilika, sasa hakuna anayeingia bila kujulikana. Akangoja nimalize.

"Futa, mwanangu."

Nikageuza kioo cha kompyuta aone. Nikalionyesha jina lake, namba yake, nikafuta. Akauliza kama mashine bado inamjua. Nikasema haimjui tena.

"Wewe je?"

"Mimi nakujua, mama."

"Basi ukiwa na neno la kuniambia, njoo uniambie mwenyewe."

Akafunga kanga yake vizuri akaenda zake. Zamani ningeandika hapa maneno mengi kuhusu watu wanaokataa maendeleo.

Alhamisi, 19 Septemba

Daftari lilionyesha unyevu utapanda Mbekenyera na maua ya mwisho yako hatarini. Nilikuwa na sababu nyingi za kutokwenda. Sikudhani alikuwa njiani kwenda huko kukagua kipimo, akaniambia kwenye simu, bila utani, kwamba kama nakuja niwahi, hatanisubiri.

Nilimwahi Ruangwa, tukafika kwa Mwantumu kwa pikipiki kabla jua halijawa kali. Ua wa miti, mlango wa mabati umefungwa kwa ndani. Nikapiga hodi.

"Nani?"

"Zulfa."

"Zulfa yupi?"

Nikasema wa mradi wa salfa. Nilisikia anafagia. Nikasema wa Nachingwea, yule aliyesimama ghalani. Ufagio ukaendelea. Sikudhani alikuwa nyuma yangu amekaa kwenye pikipiki, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti nilimsikia akicheka, kwa pua, akijizuia.

Nikataja jina la baba yangu. Nikataja la babu, na kijiji tulichotoka kabla ya Mnero, na nikasema nilichokuja kusema: kwamba kesho alfajiri apulize, na kwamba nisipoaminiwa nitakuja tena.

Ufagio ukasimama. Nilisikia komeo linasogezwa.

"Ungeanza na hayo," akasema, akafungua.